Visu vyetu havina kosa, vinauawa na jiwe kavu

Mhariri,

Msomaji mmoja wa Likoni ameandika katika ukurasa huu kwamba visu vya siku hizi ni vya kutupwa. Asema kisu kipya hakimalizi mwezi kabla hakijawa butu, na kwamba wenye maduka wanatuuzia bati. Namuelewa, maana nyanya iliyopondwa badala ya kukatwa inaudhi. Lakini sikubaliani naye, na naomba nafasi nieleze kwa nini, kwa sababu jambo hili liko mkononi mwangu kila siku.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mji wa Kale. Napika harusi, hitima na futari, na kazi yangu huanzia kwenye kisu kabla sufuria haijapanda mekoni. Biriani inataka vitunguu vilivyokatwa vyembamba na sawasawa, maana kinene na chembamba vikiingia pamoja kwenye mafuta, kimoja kinaungua kingine bado kibichi. Kachumbari inataka nyanya iliyopasuliwa bila kukamuliwa. Nguru anataka vipande vilivyokatika kwa mkato mmoja, ngozi haijachanika. Na kina mama tunaokaa mkekani kukata tunajua kwamba kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakikandamiza, na kikiteleza hujui kinaelekea wapi. Hata machozi ya kitunguu huzidi kwa kisu butu. Kinaponda badala ya kupasua, na ule ukali wa kitunguu unatoka mwingi.

Sasa visu hivi vinafia wapi? Vinafia kwenye jiwe la kusagia la umeme linalozungushwa kavu.

Simama sokoni asubuhi utazame. Mteja anatoa kisu, fundi anawasha mota, cheche zinaruka, na kabla mteja hajatoa pesa mfukoni kazi imekwisha. Mteja anazifurahia zile cheche, anaona kazi imefanyika. Mimi hutazama rangi. Chuma cha kisu kilipotengenezwa kilipashwa moto mkali, kikazimwa ghafla kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena kidogo ili kisivunjike ovyo. Ugumu huo ndio unaoshika makali. Ukikirudisha kwenye joto kubwa, ugumu unaondoka. Chuma kisafi kikifika nyuzi 220 hivi za Selsiasi kinageuka rangi ya majani makavu, na kikikaribia 300 kinakuwa buluu. Makali ni membamba, hayana pa kulipeleka joto, kwa hiyo yanafika huko wakati mkono wa fundi ulioshika mpini haujahisi hata uvuguvugu. Kisu kikirudi kwako na doa la buluu karibu na makali, jua sehemu ile imelegea. Siku hiyo kitakata vizuri kabisa. Siku ya pili au ya tatu makali yamelala, na lawama zinamwendea mwenye duka.

Nilimwambia kijana mmoja aliyekuwa akinoa, "Mwanangu, chovya majini kila ukishapitisha." Akanijibu kwa adabu, "Mama, nikichovya kila mara watu hawa watahama." Foleni ilikuwa ndefu kweli. Simlaumu peke yake, kwa sababu sisi wateja ndio tunaolipia haraka. Na si wote walio hivyo. Wako wazee wa baiskeli, wanaopiga pedeli huku jiwe dogo likizunguka mbele yao, na jiwe lao halina kasi ya kuunguza chuma. Kisu kilichotoka kwa mzee wa baiskeli mwenye mkono mzuri hudumu.

Mimi mwenyewe nilishaacha kupeleka visu sokoni, nikawa nanoa nyumbani kwa jiwe la maji, yaani jiwe la kunolea linalotumiwa likiwa limelowa, la kiwandani. Kisha mtoto wa kaka yangu, ambaye ni baharia, meli yake ikatia nanga Kobe. Alipanda treni hadi Kyoto akaniletea jiwe la kunolea ambalo halikutengenezwa na mtu, limechimbwa mlimani. "Shangazi," aliniambia, "huko wanalisifu sana. Wewe ndiye utakayejua kama sifa hizo ni za kweli." Nimelitumia kwa miezi kadhaa sasa, katika kazi za kweli, na nataka nieleze nilichokiona bila kuongeza chumvi, kwa sababu bei ya mawe haya si ndogo na watu wetu wameanza kuyaulizia.

Yanatoka katika vilima vya magharibi na kaskazini-magharibi ya Kyoto, sehemu za Narutaki, Umegahata na Kameoka. Asili yake ni vumbi jembamba mno lililotua chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, likakandamizwa tabaka juu ya tabaka hadi likawa jiwe. Ndani mna chembe za silika zilizoshikwa na udongo, na chembe hizo ndizo zinazokula chuma. Wajapani wamelichimba kwa karne nyingi kwa ajili ya panga za vita, nyembe, randa za maseremala na visu vya jikoni. Wang'arishaji wa panga hadi leo humalizia kazi yao kwa jiwe la huko liitwalo uchigumori, kwa sababu ndilo linaloitoa nje michirizi iliyofichika ndani ya chuma. Migodi mingi imefungwa. Mawe ya Nakayama, mgodi uliokuwa na jina kubwa kuliko yote, yanayouzwa leo ni yale yaliyochimbwa zamani. Ndiyo maana bei huanzia yen elfu kadhaa na kupanda hadi malaki ya yen kwa jiwe moja. Kameoka wana hata jumba la makumbusho la mawe ya kunolea peke yake, jambo lililonifurahisha sana nilipolisikia, kwamba kuna watu wanaoiheshimu kazi hii kiasi hicho.

Langu, muuzaji alisema ni la mgodi wa Ohira. Ni refu kuliko kiganja changu, rangi yake ya manjano iliyofifia, na mistari ya hudhurungi inapita ndani yake. Ubavuni limepakwa rangi nzito ya kuzuia maji, kwa sababu mawe haya yamepangika tabaka tabaka, na maji yakiingia kati yake jiwe linaweza kupasuka. Kwa hiyo haliloweki. Jiwe la kiwandani la kawaida unalizamisha kwenye karai hadi mapovu yaishe, lakini hili unalinyunyizia tu. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kazi nzima, na kwa sisi ambao mfereji unatoka siku unazotaka wenyewe, hilo si jambo dogo.

Tofauti kubwa ni kwamba halina nambari. Jiwe la kiwandani limeandikwa 1000, au 3000, au 6000, na nambari ikiwa kubwa chembe zake ni ndogo, basi unajua umeshika nini. Jiwe la mlimani halina uhakika huo. Mawili ya mgodi mmoja, hata ya tabaka moja, yanaweza kutofautiana kwa ugumu na ulaini. Mnunuzi anategemea jicho, kidole na neno la muuzaji. Tena linaweza kuwa na kijiwe kigumu kilichojificha ndani kinachochana makali, na hutakijua hadi usikie kisu kinakwaruza. Anayetaka kuagiza kwa mtandao bila kulishika jiwe, afikirie mara mbili.

Namna ya kulitumia ni hii. Kuna kipande kidogo cha jiwe la aina ile ile, wanakiita tomonagura. Unanyunyiza maji, unasugua kwa kile kipande hadi litoke tope jembamba la rangi ya maziwa yaliyochujuka. Wakati huo linatoa harufu ya ardhi iliyonyeshewa baada ya kiangazi, harufu ambayo jiwe la kiwandani halina. Kisha unalaza kisu, mgongo wake umeinuka kutoka jiweni kiasi cha kuingia ncha ya kidole changu cha mwisho, unashikilia hapo hapo, unavuta na kusukuma bila kubadilisha. Kuinua na kushusha mgongo katikati ya kazi ndiko kunakoviringisha makali. Vidole vya mkono wa kushoto vinalikandamiza bapa pale pale unapotaka chuma kiliwe, si pengine. Baada ya muda lile tope linaanza kuwa jeusi, na weusi ule ni chuma chako kinachotoka. Hapo usilimwage. Watu wengi wana tabia ya kusafisha jiwe kila mara wakidhani uchafu unazuia kazi, lakini kwenye jiwe hili tope ndilo linalofanya kazi, na kadiri unavyosugua ndivyo linavyolainika. Sauti nayo inabadilika. Mwanzo inakwaruza kidogo, mwisho inakuwa ya mnong'ono, na bapa linaanza kulishika jiwe kana kwamba halitaki kuondoka.

Ukinoa upande mmoja vya kutosha, kuna chuma chembamba sana kinachojikunjia upande wa pili. Hukioni, ila ukipitisha kidole gumba polepole kutoka mgongoni kuelekea makali unakihisi kinakwaruza. Hiyo ndiyo alama ya kugeuza kisu. Kikijitokeza urefu wote, kuanzia kwenye mpini hadi ncha, upande ule umekwisha. Unafanya hivyo kwenye jiwe la 1000 kwanza. Jiwe la Kyoto linakuja mwisho, kazi yake ni kukiondoa kile kilichojikunja na kulainisha mikwaruzo. Nalisisitiza hili, maana kuna wanaodhani jiwe la gharama litafufua kisu kilichokufa. Halifufui. Ukilianzia kisu butu utasugua hadi mkono ufe ganzi.

Nimelijaribu kwa visu tofauti, na majibu yake hayakuwa sawa.

Cha kwanza ni kisu cha marehemu mama, kimegongwa muhuri wa Sheffield, cha chuma cha kizamani kinachoshika kutu. Kimenolewa miaka mingi hadi bapa limekuwa jembamba, lakini ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Nilikinoa kwa 1000, nikamalizia kwa jiwe la Kyoto, nikaenda nacho kwenye harusi. Nilikata vitunguu vya biriani, nikaja kwenye nyanya za kachumbari, na bado makali yalikuwa yanaingia kwenye ngozi ya nyanya bila kukandamizwa. Unaweka, unavuta, imepita. Hapo kabla nilikuwa namalizia kwa jiwe la kiwandani la 6000, ambalo linatoa makali yanayong'aa hadi unajiona, lakini makali yale yakigusa ngozi ya nyanya yalikuwa yanateleza kwanza ndipo yaingie. Haya ya jiwe la mlimani hayang'ai sana. Yana ukungu, na yanauma. Kwa kazi yangu nayachagua haya. Wenzangu wa mkekani waligombea kile kisu, na si watu wa kusifu ovyo.

Cha pili ni kisu alichonifulia mhunzi kutoka springi ya lori. Ni kizito, hukitumia kwa kupasulia vichwa vya samaki na mifupa ya mbuzi. Hiki jiwe la 1000 linakitosha. Nilikimalizia kwa jiwe la Kyoto, kikawa laini kupita kiasi, lakini mfupa haujali ulaini huo. Sikuona faida.

Cha tatu ni kisu cha dukani kisichoshika kutu, cha mpini wa plastiki, ambacho karibu kila nyumba hapa mjini inacho. Hapa jiwe la Kyoto linashindwa. Chuma cha aina hii kimechanganywa na vitu vinavyofanya kiwe kigumu kuliwa na silika. Kinateleza juu ya jiwe, tope linachelewa kuwa jeusi, na ukimaliza hukuongeza kitu. Lakini sikilizeni hili, hasa ndugu yangu wa Likoni. Kisu hicho hicho nilikinoa kwa jiwe la kiwandani la 1000, kwa maji, polepole, nikaondoa kile kilichojikunja, na kikakata vizuri wiki baada ya wiki. Chuma chake si kibaya. Kilichokiua mara nyingine zote ni moto wa jiwe kavu.

Yule baharia alikuja pia na kisu chake mwenyewe, deba, kisu cha Kijapani cha samaki, kinene mgongoni na kimenolewa upande mmoja. Kimefuliwa kwa vyuma viwili, kile kigumu cha makali kimebandikwa kwenye chuma laini. Tulikipitisha kwenye jiwe pamoja, tukikaa barazani. Kile chuma laini kikawa cha kijivu, kizito, bila mng'ao, na chini yake ukatokea mstari wa chuma kigumu unaong'aa, umepinda kidogo kufuata mkono wa mhunzi aliyeufua. Kabla ya hapo vyuma vyote viwili vilikuwa rangi moja, usingejua kama ni viwili. Hapo nilifahamu kwa nini wang'arishaji wa panga hawakuliacha jiwe hili hata baada ya viwanda kuja. Linachagua, chuma laini linakikwaruza hivi na kigumu vile, jambo ambalo jiwe la kiwandani halikunionyesha.

Kuhusu maji, naonya wenzangu wa Mji wa Kale. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Kisu cha chuma cha kizamani ukikinolea kwa maji hayo ukakiacha juu ya meza, kabla hujamaliza kuswali kimeshaanza doa la rangi ya chungwa, na doa hilo linaanzia kwenye makali yenyewe, pale chuma kilipo wazi. Mimi natumia maji ya mfereji au ya mvua. Nikimaliza nakikausha kwa kitambaa, napaka mafuta ya nazi kidogo sana. Jiwe nalo linakaushwa kivulini. Jua la Mombasa la saa sita halilifai, litalipasua. Na jiwe lolote, la mlimani au la kiwandani, likitumiwa linabonyea katikati, na jiwe lililobonyea haliwezi kunyoosha makali. Karatasi ya msasa iliyolowa, ikatandazwa juu ya kioo kinene, ndiyo dawa yake.

Je, namshauri mtu anunue jiwe la Kyoto? Mwenye kisu kizuri cha chuma cha kizamani au cha Kijapani, anayekata kila siku kwa riziki yake, na anayependa kazi ya mkono, nasema ndiyo, akilipata la bei ya wastani na akalishika kwanza. Wapishi wa mahoteli ya Nyali na Diani wanaokata samaki mbichi watalipenda. Mama wa nyumbani mwenye kisu cha dukani cha mpini wa plastiki asipoteze pesa zake. Anunue jiwe la maji la 1000 ajifunze kushikilia mgongo wa kisu, ataishi nalo miaka.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu nilishike jiwe hili, nalo linatuhusu sisi wa Pwani. Wajapani hawaanzi na jiwe la Kyoto. Wanaanza na jiwe la mkwaruzo, wanafuata la kati, na hayo pia wanayachimba kwao. La kati, kwa mfano, linatoka visiwa vya Amakusa, upande wa Kyushu. Kila mkoa ulitazama mlima wake ukaona unafaa kwa nini.

Sisi kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe. Jiwe tunalojengea nyumba ni chokaa, na chokaa ni laini kuliko chuma cha kisu, haliwezi kukila. Ndiyo maana bibi zetu walinoa kwenye kitako cha sahani ya kauri, pale duara la chini lilipoachwa bila kung'arishwa, na mama mboga anayekatakata sukuma wiki ananoa kwenye ukingo wa saruji, kwa sababu ndani ya saruji mna mchanga. Walijua wanalolifanya. Lakini ukivuka Changamwe ukashika barabara ya Nairobi hadi Mazeras, ardhi inabadilika. Pale ni jiwe la mchanga, lile la mabamba tunayotandaza uani na kubandika ukutani. Mchanga wake ni silika, jamii moja na ile iliyomo ndani ya jiwe la Kyoto, ila chembe zake ni kubwa mno.

Nilichukua vipande viwili vilivyobaki kwa fundi aliyekuwa akitandaza ua wa jirani. Nikavisugua kimoja kwa kingine kwa maji hadi nyuso zikawa bapa. Kisha nikanolea kile kisu cha springi ya lori, ambacho kilikuwa na pengo la kugonga mfupa. Jiwe lilikula. Chembe zinachomoka kwa wingi, tope lake ni la mchanga mkubwa, mikwaruzo inayoachwa ni mirefu na inaonekana kwa macho, lakini pengo liliondoka, na chuma hakikupata joto hata kidogo. Nikaendelea na 1000, kikawa kisu tena. Kipande kile ni taka ya ujenzi. Kinafanya kazi ambayo watu wanaipeleka kwenye mota, na hakiunguzi.

Kwa hiyo nina maombi, Mhariri. Kwa wasimamizi wa masoko ya Marikiti na Kongowea, wapeni wanoaji visu meza moja yenye bomba la maji, na anayetumia mota awe na ndoo kando yake na aitumie. Kwa vyuo vya ufundi vya kaunti, mnawafundisha vijana kuchomelea na kupiga randa. Wafundisheni pia kunoa patasi, randa na kisu kwa jiwe la maji, kwa sababu seremala na mpishi wote wanaanzia hapo, na kijana mwenye jiwe, ndoo na mkono uliotulia anaweza kuzunguka mahotelini akapata chakula chake. Wenye migahawa, mlipeni fundi anayechukua muda.

Na kwa wasomaji wa Mazeras, Rabai na Mariakani. Nimeambiwa kwamba ukielekea Mariakani jiwe la mchanga linakuwa na chembe ndogo zaidi, na kwamba kuna machimbo ambayo mabamba yake ni laini hata kidole hakihisi mchanga. Anayeyajua machimbo hayo aandike katika ukurasa huu ataje mahali. Nitakuja na visu vyangu na kikombe cha maji, tulijaribu jiwe hilo papo hapo, na nitakachokiona nitakiandika hapa, likifaa au lisifae.

Mpishi wa shughuli,
Kuze, Mji wa Kale, Mombasa